Gombaneni kwa Stempu

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana Mama ameniambia nisipokusalimu vizuri hatanipa bahasha. Sisi wazima. Shemeji yako mgongo umepoa, amerudi kazini. Wapwa zako wazima. Yule mkubwa amefaulu hesabu na anatangaza mtaa mzima kwamba amerithi akili za mjomba. Nimemshauri aombe arithi za mtu mwingine. Mama mdogo alikuja, akala, akalala, akasema nyumba yetu ina joto, akaondoka. Basi, umesalimiwa.

Sasa nisikilize. Mama amekataa dawa.

Ningekupigia simu nikupasue sikio, lakini unakumbuka mara ya mwisho tulipopigiana kelele, yeye akiwa chumba cha pili anasikia kila kitu. Alikuja akaninyang'anya simu mkononi, akasema: "Mkitaka kugombana, gombaneni kwa stempu. Mtu akilamba stempu anapata muda wa kufikiri." Mimi nimeilamba hii na hasira ziko palepale.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Daktari alimpima titi baada ya dripu za mwanzo akasema uvimbe umesinyaa. Tulitoka hospitali Mama ananichekea kwenye ngazi. Halafu ikaingia barua yako. Nilikuwa nimekuuliza swali moja tu, dawa hii inafanya nini mwilini, kwa sababu kila daktari akianza kueleza Mama anamkatiza: "Usijisumbue, mwanangu. Mimi nina mtoto anaviangalia vitu hivyo kwa darubini kila siku. Yeye atanieleza." Daktari wa watu kachoka, foleni ndefu, anashukuru na kunyamaza.

Nikamsomea hapa karakanani, tunaposhonea vitabu. Yeye alikuwa anapaka uzi nta, mimi nimesimama kwenye ubao wa kubania vitabu. Umeandika hivi, nanukuu: "Ndani ya seli za uvimbe kuna mirija midogo sana. Dawa hii huishika mirija hiyo na kuiimarisha." Mama akaweka uzi chini. "Soma tena hapo." Nikasoma. "Kuiimarisha?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akasema "haya" na akaendelea na uzi.

Siku ya dripu nimemkuta kavaa, kajitanda, viatu kavishika mkononi. Hatoki. "Niupeleke mwili wangu nikauimarishie ugonjwa?" Nikasema labda ulikusudia kingine. Unajua alinijibu nini? "Mwanangu hakosei maneno. Tangu mdogo hakosei." Yaani hata anapokufa kwa ajili yako anajivunia.

Daktari anasema kuchelewa kidogo kunavumilika, kukaa miezi hakuvumiliki. Kilichosinyaa kinaweza kuumuka tena. Kwa hiyo kaa chini, Profesa, uandike kwa lugha ya binadamu.

Dada yako


Tarehe 23 Februari

Dada,

Shikamoo. Msalimie shemeji, pole ya mgongo. Mpwa wangu mpe hongera, na umwache arithi anachotaka. Mimi mzima. Baridi ya huku imepasua bomba la jengo letu na sasa wapangaji wote tunachota maji kwenye bomba moja la ua, tunasalimiana kwa kununa. Kazini tuna mkubwa tunayemwita Bosi Barafu, kwa sababu akiingia maabara hasalimii mtu, anafunua kwanza ndoo za barafu kuona kama zimeyeyuka. Hayo ndiyo maisha yangu, hayana utamu wowote.

Nani alikutuma umsomee? Barua ile ilikuwa yako. Uliuliza wewe, nikakujibu wewe, na wewe ukasimama kwenye ubao ukaisoma kama mtangazaji wa redio. Halafu neno likimkwama Mama kooni, mkosaji mimi?

Na neno lenyewe silibadilishi. Kuimarisha ndiko hasa kunakofanyika. Sikiliza basi, usiruke mistari.

Kuna protini inaitwa tubulini. Haitembei peke yake. Iko kwa jozi, mbili mbili, moja inaitwa alfa na mwenzake beta. Jozi hizi hujipanga moja nyuma ya nyingine zikawa mstari. Mistari kama kumi na mitatu ikilala ubavu kwa ubavu na kujikunja, unapata mrija wenye uwazi katikati. Ni mwembamba kiasi kwamba kwenye upana wa uzi wenu wa kushonea ingelala maelfu kwa maelfu.

Mrija huo hautulii. Ncha zote mbili zinabadilika, lakini moja ndiyo yenye pilikapilika zaidi. Jozi mpya zinaingia pale na mrija unarefuka. Kila jozi inaingia na nishati yake, na zile za nchani zikiwa bado hazijaitumia, zinaufunika mrija kama kofia na kuushikilia usifumuke. Kofia ikiisha, mistari inabanduka kama maganda ya ndizi, mrija unabomoka kwa haraka kuliko ulivyojengwa. Halafu unapata kofia nyingine, unaanza tena. Mimi hulitazama jambo hili kila asubuhi. Natoa tubulini kwenye barafu, maji maangavu kabisa. Naipasha mpaka joto la mwili, na kidogo kidogo maji yanaingia ukungu: mirija imejijenga yenyewe, hakuna fundi aliyeigusa. Nairudisha kwenye barafu, ukungu unaondoka.

Sasa, kwa nini ubishi wote huo wa kujenga na kubomoa? Seli ikitaka kugawanyika, mirija hutoka pande mbili na kupapasapapasa, inarefuka, inabomoka, inarefuka tena, mpaka inakamata kromosomu, yale mafurushi ya urithi. Ikishayakamata inafupika na kuyavuta, nusu huku, nusu kule. Mrija usioweza kubomoka hauwezi kupapasa wala kuvuta. Dawa inaingia ndani ya mrija na kuushikilia usibomoke. Inauimarisha! Seli inakwama katikati ya kugawanyika, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na mwisho inakufa. Uvimbe ni seli zenye pupa ya kugawanyika, ndiyo maana zinakufa nyingi.

Umeelewa? Kuimarisha ndiko kunakoua. Mpeleke Mama hospitali wiki hii, wiki hii hii, na uache kunitafutia makosa ya lugha.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mapacha wa jirani wameanza kutembea na wameshang'oa maua yote ya mbele. Shemeji yako amekusalimu na anauliza kama umeoa. Nimemwambia mtu anayeishi na ndoo za barafu atamwoa nani. Karakanani tumepata kazi ya maktaba ya shule, vitabu vimechanika migongo utadhani vimepigwa.

Asante kwa hotuba. Niliisoma mara mbili peke yangu, maana umenikataza kuwa mtangazaji, halafu nikamsomea Mama kwa sababu ugonjwa ni wake, titi ni lake, na wewe huna mamlaka ya kuniambia nani asisomewe kilicho ndani ya mwili wake mwenyewe. Hilo likuingie.

Alisikiliza yote. Kwa Bosi Barafu alicheka. Pale pa maganda ya ndizi akaniambia nirudie. Nikafikiri tumefika, nikaanza kutafuta kitambaa changu cha kichwa tuondoke. Akasema: "Muulize swali moja. Hiyo mirija iko kwenye uvimbe peke yake, au iko mwili mzima? Vidoleni, kwa mfano, iko?" Nikamwambia, Mama, swali gani hilo, twende. Akasema ukishajibu ataamua.

Basi nakuuliza kama alivyouliza, ingawa naona ananipotezea muda tu. Ananuna, mdogo wangu. Hashoni tena. Sindano ananiachia mimi, anasema macho yamechoka, yeye anakaa kukunja karatasi na kuzipanga, na hata hizo anazipanga ovyo. Yeye, aliyekuwa akipitisha kidole gumba mara moja kwenye mgongo wa kitabu anakwambia uzi wa wapi umelegea! Vikombe viwili ameshavunja. Kavitupa kwa hasira, najua, ingawa anasema vimeteleza. Nyumba hii sasa kila mtu anapita pembeni pembeni.

Ameruka dripu nyingine. Nimefika shingoni. Kutwa namlea mtu asiyetaka kulelewa, usiku napiga pasi sare, na akili ya ukoo wetu iko ng'ambo inachota maji uani. Ungekuwa hapa ungemweleza kwa mdomo, angekuona uso wako, yangekwisha. Lakini sikuombi uje. Sijawahi kukuomba na sianzi leo.

Jibu swali lake.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada,

Shikamoo. Bomba limetengenezwa na tumeacha kusalimiana kabisa. Nilipata mafua, yamepita. Wasalimie wote.

Mwambie Mama ndiyo, mirija iko katika seli zote, hilo ni jambo la kawaida na asiliwekee moyo. Inazipa seli umbo, inabebeshwa mizigo, ina kazi nyingi. Kilicho muhimu kwake sasa ni uvimbe.

Kama neno ndilo linalomkwaza, basi lifute. Usiseme inaimarisha, sema inagandisha. Mkumbushe kile kitabu kinene ulichokipaka gundi wewe, ulipoanza kazi, mpaka ikapenya kwenye mikunjo. Kikakauka kama tofali. Mwenye kitabu alipokuja kukichukua akakivuta, akakivuta, hakikufunguka. Hakuna kitabu kilichotoka kwenye karakana ile kikiwa imara kama kile, na hakikufaa kusomwa na mtu yeyote. Dawa inaufanyia uvimbe hivyo hivyo. Inaupaka gundi ushindwe kufunguka. Nadhani hilo atalielewa, na wewe pia.

Kuhusu kuja. Huku kuna jaribio ambalo haliachiki, na nikilieleza utaniita Profesa tena. Wewe uko pale, una miguu, una mikono, una mume mwenye gari. Mpeleke. Asipotaka, mbebe kama gunia. Mtu mzima akikataa dawa inayomsaidia, hukai tu ukavunja vikombe naye. Nimechoka kuandika kurasa na kurasa kwa ajili ya viatu ambavyo mngekuwa mmevivaa tangu mwezi wa pili.

Mdogo wako


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu zako zitafute kwenye barua za zamani.

Nilimsomea Mama habari ya gundi. Alicheka kile kitabu, akasema alikificha chini ya meza kwa mwaka mzima ili nisione aibu. Halafu akajitazama mikono. Akasema, "Lakini gundi ile haikushika mgongo peke yake. Ilishika na meza." Mimi nikapuuza. Nikamwambia kesho tunaenda hospitali, mwanao kaeleza, gundi nzuri, basi.

Siku ya pili yake alijifungia karakanani. Nilikuwa naanika nguo. Nilipoingia nilimkuta ameshika kitabu cha maktaba anashona, tena anashona haraka, kama zamani, na mimi nikafurahi. Nilisimama mlangoni nikafurahi, mdogo wangu. Halafu nikaona karatasi ni nyekundu. Sindano imeingia chini ya kucha ya kidole cha shahada, imetokeza upande wa pili, na yeye anavuta uzi. Anavuta uzi, hajui. Nilipiga kelele ndipo akatazama chini. Akasema, "Kumbe."

Hakusikia maumivu hata kidogo. Vidole vimekufa ganzi, vyote, na vya miguu pia. Tangu lini? Tangu ile dripu iliyotangulia barua yako ya kwanza. Vikombe viliteleza kweli, hakuvitupa. Na mimi mjinga nimemnunia wiki nzima kwa ajili ya vikombe!

Kidole kikavimba, ikabidi aende hospitali apende asipende. Daktari akakitazama, akachukua pini akamgusagusa vidole, Mama amefumba macho. "Hapa unasikia? Na hapa?" Hapana, hapana. Daktari akaniuliza mimi, siyo yeye: "Lakini mlisema kuna mtu anamweleza?" Nilitamani ardhi inimeze. Akaeleza mwenyewe, kwa dakika alizokuwa nazo. Ganzi hii ni ya dawa. Inawapata wengi. Ukisema mapema wanapunguza kipimo, au wanaigawa kidogo kidogo, au wanabadilisha. Haina uhusiano wowote na ugonjwa kusambaa.

Hapo Mama akaanza kulia. Mbele ya daktari, mbele ya nesi. Akasema: "Mimi nilidhani umefika mikononi."

Umeelewa sasa? Vidole vimekufa, ametishika, anajiuliza ni nini, halafu barua ya mwanae asiyekosea maneno inamwambia dawa inaimarisha. Akajumlisha. Wewe au mimi tungejumlisha vilevile. Alikuwa anajiona anaoza kuanzia kwenye ncha, kila dripu inaongeza, na hakutaka kunitisha. Amebeba hilo peke yake miezi yote hii, nikimfokea avae viatu.

Na alikuuliza! Alikuuliza waziwazi, vidoleni iko? Ukamjibu "jambo la kawaida". Ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama yako mzazi.

Nataka jibu la neno moja. Ulijua au hukujua? Kama hukujua, basi hiyo kazi yako ni ya bure na barafu yako imwage. Kama ulijua, sijui nikuite nani.

Uvimbe umekua tena kidogo. Daktari amepima.

Mimi


Tarehe 2 Mei

Dada,

Shikamoo, ukiipokea.

Nilijua.

Umetaka neno moja na ningeishia hapo, lakini Mama aliuliza swali na swali lake halijajibiwa. Mshipa wa fahamu unaoanzia karibu na uti wa mgongo mpaka kwenye ncha ya kidole ni mrefu kuliko seli nyingine yoyote mwilini. Chakula chake na vipuri vyake vinatengenezwa kule mwanzoni, vinasafirishwa mpaka mwisho. Vinapita juu ya mirija hii hii. Kuna protini zinazotembea juu yake zimebeba mizigo, nyingine zinakwenda, nyingine zinarudi. Seli hiyo haigawanyiki, kwa hiyo dawa haiiui kama inavyoua ya uvimbe, lakini inaivuruga mirija yake, mizigo inakwama njiani, na penye njia ndefu ndipo panapoumia kwanza. Vidole vya miguu. Vidole vya mikono. Hayo yameandikwa kwenye vitabu vyote vya dawa hii. Nayajua kama wewe unavyojua gundi.

Ulipoandika vikombe viwili vimevunjika nilielewa palepale. Nilikuwa nimesimama kwenye kisanduku cha barua, koti sijavua. Nikajua siyo hasira. Na bado nikapanda ngazi nikakuandikia habari za kitabu.

Umenigombeza miezi kwa neno nililoliandika. Neno lile lilikuwa sahihi. Ungenigombeza kwa nililoliacha, na tangu mwanzo nilikuwa nangoja uligundue, na kila barua yako ilipokuja bila hilo nilishusha pumzi. Ndiyo maana nilikuwa nakufokea sana. Ilikuwa rahisi kubishania imarisha.

Nilijiambia hivi: mwanamke huyu amekula, ametulisha na kutusomesha kwa vidole vile. Akiambiwa dawa itavichukua, atachagua vidole, atakataa dawa. Kwa hiyo asiambiwe. Amekataa dawa kwa sababu hakuambiwa. Nimekaa na hesabu hiyo siku nyingi, kila nikiipiga jibu ni hilo hilo, na nimejikasirikia mpaka juzi nimevunja kioo cha darubini ambacho si changu.

Na jaribio si kweli kwamba haliachiki. Liliisha mwezi wa tatu. Siji kwa sababu huku kitu kikibomoka nakipasha joto kinajijenga, na nikija huko nitasimama mbele ya Mama sina cha kufanya. Naogopa. Basi, nimelisema, lichukue ulifanyie unalotaka.

Nawe pia ulikaa naye chumba kimoja, Dada. Ulimwona anapanga karatasi ovyo. Sisemi kujitetea. Nasema kwa sababu nina hasira na hazina pa kwenda.

Msomee barua hii yote. Usiruke.

Mdogo wako


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wazima sote, mapacha wa jirani sasa wanakimbia.

Barua yako niliisoma, nikaitupa, nikaiokota, nikaipiga teke. Pale uliponiambia na mimi nilikuwa chumba kimoja naye nilitaka kupanda ndege nije nikuzabe kofi. Halafu nikakumbuka kwamba ni kweli, na hilo limenikasirisha zaidi. Jibu bado nalitafuta. Siku nikipata utasikia.

Nilimsomea yote kama ulivyosema. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake, kidole kimefungwa bandeji. Nilipofika kwa mshipa mrefu na mizigo iliyokwama njiani alitikisa kichwa polepole, akainyoosha mikono yote miwili mezani akaitazama, akasema, "Basi ndiyo hiyo." Kama mtu aliyeonyeshwa mwizi wake. Nikaona mabega yameshuka. Sijui kwa nini jambo baya likipewa maelezo linapungua uzito, lakini lilipungua, nilikuwepo.

Kwenye ile hesabu yako alinisimamisha. "Anasema ningechagua vidole?" Nikamwambia ndivyo unavyosema. Akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Nimeshona miaka yote hii ili nile. Nani anakufa ili ashone?" Halafu akasema kitu ambacho nakuandikia bila kukipunguza: "Ningechagua dawa. Ningelia wiki moja, halafu ningechagua dawa. Hakuniuliza."

Amerudi kwenye dripu. Wamepunguza kipimo na wanaigawa, anakwenda mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Sasa anamwacha daktari amalize sentensi zake zote, foleni ipige kelele inavyotaka, na akirudi ananieleza mimi. Uvimbe umesimama. Haujarudi pale ulipokuwa mwezi wa kwanza, na daktari hasemi kama utarudi. Vidole haahidi. Huenda vikaamka baadaye, huenda visiamke vyote. Anashona kwa kutazama, mishono michache kwa siku, polepole sana, anafuata sindano kwa macho kama inaweza kumkimbia. Kofia ya chuma ya kidoleni ambayo alikuwa anatucheka tukivaa, sasa anavaa yeye, vidole vitatu.

Hasira zangu bado zipo. Nilitaka kukuandikia kurasa nyingine mbili, nina maneno mazuri nimeyaweka akiba tangu Aprili. Lakini Mama amekuja ananinyang'anya kalamu, anasema leo zamu yake. Mwandiko ukiona unapanda na kushuka ujue ni ganzi, wala si machozi, usianze kujiliza.

Dada yako

Mwanangu,

Kalamu siisikii. Naitazama inavyokwenda ndiyo naandika, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nimekukasirikia sana. Sikumbuki kama nimewahi kumkasirikia mtoto wangu namna hii, na dada yako unamjua alivyokuwa. Niliwaambia mgombane kwa stempu na mmenitii. Mimi lakini stempu silambi. Yangu hayaingii kwenye bahasha.

Njoo nikugombeze hapa.

Mama yako